Kubadilishana, Kuambata na Kufyonzwa: Istilahi za Haidrojeni Juu ya Nyuso za Metali

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mezani petu ili istilahi zake zikaguliwe, yale ya kemia ya nyuso ndiyo yanayotuchelewesha zaidi. Sababu si wingi wa maneno mapya. Sababu ni kwamba maneno yanayohitajika ni ya kawaida mno: kubadilika, kushika, kuingia, kutoka. Mfasiri huyakuta tayari katika lugha yake, akayatumia bila kusita, na matokeo yake ni sentensi nzuri ya Kiswahili isemayo jambo ambalo mwandishi wa asili hakulisema.

Mfano tulio nao ni mswada wa maelekezo ya usalama kwa watunzaji wa mitungi ya chuma cha pua iliyowahi kuwekwa gesi ya triti. Mfasiri aliandika kwamba gesi iliyofyonzwa na mtungi ifutwe kwa kitambaa kibichi. Katika maandishi ya asili yalikuwamo maneno mawili tofauti, moja la gesi iliyoshika juu ya chuma, na la pili la gesi iliyozama ndani yake. Kitambaa huondoa ile ya juu tu. Mtunzaji ambaye angeyafuata maelekezo yale angeufuta mtungi, angepima akaona ni safi, kisha angeuacha rafuni. Na baada ya siku kadhaa triti iliyokuwa ndani ingekuwa imekwisha rudi juu ya uso, ikimngojea atakayeushika kwa mikono mitupu. Kosa lilikuwa la neno moja.

Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwanza mambo yenyewe yalivyo katika maumbile, kwa kuwa jina haliwezi kuchaguliwa vema na asiyekijua kitu kinachopewa jina, na papo hapo kutoa mapendekezo yetu.

Majina ya isotopu

Haidrojeni ndiyo elementi nyepesi kuliko zote. Kiini cha atomi yake ya kawaida ni protoni moja tu. Ziko hata hivyo atomi za haidrojeni zenye protoni moja na nyutroni moja, nazo huitwa deuteri; na ziko zenye protoni moja na nyutroni mbili, nazo huitwa triti. Katika maji ya bahari deuteri ni takribani atomi 1 kwa kila atomi 6,400 za haidrojeni. Triti ni adimu zaidi, tena ina mnururisho: kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi, ikigeuka kuwa heli.

Neno isotopu lilitolewa mwaka 1913 na mkemia Frederick Soddy, kwa shauri la daktari Margaret Todd, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ‘mahali pamoja’, kwa vile aina zote za elementi moja hukaa katika chumba kimoja cha jedwali la elementi. Hatuoni haja ya kulitafsiri. Limekwisha kuwa mali ya lugha zote. Deuteri iligunduliwa mwaka 1931 na Harold Urey na wenzake huko Marekani, na Urey akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934 kwa ajili hiyo. Wanaodhani kwamba ubishi wa majina ni maradhi ya Kiswahili peke yake wangefaa wajue kwamba Ernest Rutherford, huko Uingereza, hakuridhika na jina lililotolewa na Wamarekani, akapendekeza lake, ‘diplogeni’. Halikudumu.

Kwetu ubishi umekuwa juu ya mwisho wa neno. Wako wanaoandika ‘deuteriamu’ na ‘tritiamu’, wakifuata matamshi ya Kiingereza, kama ambavyo magazeti yetu yameandika ‘urani’ na ‘uraniamu’ bila mpango. Sisi tunapendelea deuteri na triti. Maneno haya hurudiwa mara nyingi katika ukurasa mmoja, na ufupi una faida yake. Tena hayamlazimishi msomaji kubeba kiishio cha Kilatini ambacho katika Kiswahili hakina kazi. Lakini ‘haidrojeni’ iachwe kama ilivyozoeleka shuleni.

Yatendekayo juu ya metali

Molekuli ya haidrojeni ni atomi mbili zilizoshikana imara. Ukichanganya haidrojeni ya kawaida na deuteri katika chupa safi ya kioo, ukaiacha katika joto la chumbani, hutaona badiliko lolote la maana kwa muda mrefu sana. Kila molekuli hubaki na mwenzake wa awali, kwa kuwa kuvunja kiungo cha namna hiyo kunahitaji nishati nyingi. Tia sasa katika chupa unga mdogo wa platini au nikeli. Mara huonekana molekuli za aina ya tatu, zenye atomi moja ya haidrojeni ya kawaida na moja ya deuteri.

Maelezo yaliyokubalika zaidi ni haya. Molekuli ifikapo juu ya uso wa metali huachana: kila atomi hushikwa na atomi za metali peke yake. Atomi hizo hutembea juu ya uso, zikihama kutoka mahali hadi mahali. Mbili zikikutana huungana na kuondoka zikiwa molekuli, wala atomi haimchagui mwenzake wa zamani. Ikiwa gesi hizo mbili zilikuwa sawa kwa kiasi, na joto likiwa kubwa, mwishowe nusu ya molekuli zote huwa za mchanganyiko, robo za haidrojeni tupu, na robo za deuteri tupu, kama hesabu ya kurusha sarafu mbili. Katika joto la chumbani zile za mchanganyiko hupungua kidogo, hata kuwa kama 47 katika kila 100, kwa sababu tofauti ya uzito hutia tofauti katika uimara wa viungo.

Njia hii hutajwa kwa majina ya Karl Friedrich Bonhoeffer na Farkas, nayo ni ya miaka ya 1930, wakati deuteri ilipokwisha kupatikana na wanasayansi wakawa kwa mara ya kwanza na haidrojeni ‘iliyotiwa alama’. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1933, Juro Horiuti na Michael Polanyi walionyesha kwamba haidrojeni ya gesi na haidrojeni iliyomo katika maji hubadilishana nafasi penye platini. Mwaka 1939 Eric Rideal alipendekeza njia nyingine, ambayo kwayo molekuli itokayo hewani huigonga atomi iliyokwisha kushikwa na metali, ikaichukua na kuiacha nyingine mahali pake. Mfasiri hana kazi ya kuamua baina yao. Ana kazi ya kutumia neno ambalo halimpi ushindi yeyote kabla ya hoja kusikilizwa.

Si metali zote zilizo sawa. Platini, paladi, nikeli na chuma huvunja molekuli ya haidrojeni kwa urahisi, mradi uso wake ni safi; dhahabu, fedha na shaba hufanya hivyo kwa shida. Tena metali iliyo hodari huweza kulemazwa. Salfa kidogo, au monoksidi ya kaboni, huketi mahali palepale ambapo haidrojeni ingeketi, na kazi ikasimama. Wataalamu huita vitu hivyo sumu za kichocheo, na neno sumu hapa halina ubaya, maadamu mfasiri ataongeza ‘za kichocheo’. Asipoongeza, afisa wa afya atakayepitia waraka atatafuta mgonjwa asiyekuwapo.

Kubadilishana si kubadilika

Hapa ndipo kauli za kitenzi cha Kiswahili zinapotufaa kuliko mkopo wowote. Tunayo kubadili, kubadilika, kubadilisha na kubadilishana, na kila moja ina mahali pake.

Tumekuta katika zaidi ya mswada mmoja maneno ‘mabadiliko ya isotopu’ yakisimama badala ya jambo tulilolieleza hapo juu. Haya si sahihi hata kidogo. Atomi ya haidrojeni iliyotoka katika maji ikaingia katika gesi haikubadilika. Ni ileile, imehama tu, na nyingine imekuja mahali pake. Kusema kwamba haidrojeni ‘ilibadilika kuwa deuteri’ juu ya platini ni kusema kwamba kiini chake kiliongezewa nyutroni, jambo ambalo kipande cha platini katika chupa hakiwezi kulifanya. Na kosa hili huzidi uzito tunapofika kwenye triti, kwa sababu triti, kwa hakika, hubadilika: yenyewe, bila kichocheo, hugeuka kuwa heli. Katika aya moja ya kitabu cha fizikia inawezekana triti ikabadilika na pia ikabadilishana. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa mambo mawili atafeli mtihani kwa kosa la mfasiri.

Tunapendekeza basi mabadilishano ya isotopu. Wengine wameandika ‘mbadilishano’, na wengine ‘ubadilishanaji’. Hili la mwisho si kosa, nasi hatutalifuta tukilikuta. Lakini vitenzi vya kutendana vimezoea kuzaa majina yenye ma- mwanzoni na -ano mwishoni, kama vile mapatano, mapigano, mashindano na makubaliano, na hatuoni kwa nini kemia ipewe sarufi yake yenyewe. Mmenyuko ambao ndani yake isotopu hubadilishana nafasi utaitwa mmenyuko wa mabadilishano. Na katika sentensi, kitenzi kipewe pande zote mbili: haidrojeni ya maji na deuteri ya gesi hubadilishana. Kitenzi cha kutendana kilichoachwa na upande mmoja huchechemea.

Kuambata na kufyonzwa

Tunafika sasa penye ugumu wa mitungi. Kiingereza na Kijerumani hutenganisha kushika juu ya uso na kuingia ndani kwa herufi moja tu, d na b. Jina la kushika juu ya uso lilitiwa katika maandishi ya sayansi na Heinrich Kayser mwaka 1881, nalo lilipokewa pote. Lakini tofauti ya herufi moja imewaponyoka wapiga chapa wa lugha hizo zenyewe mara nyingi. Kiswahili hakilazimiki kurithi taabu hiyo.

Kwa kuingia ndani, kufyonza ni neno jema, na jina lake mfyonzo limekwisha zoeleka. Paladi ndiyo mfano maarufu: mwaka 1866 Thomas Graham alieleza jinsi metali hiyo inavyoweza kuchukua haidrojeni yenye ujazo wa mamia ya mara kuliko ujazo wake yenyewe. Atomi za haidrojeni huingia katika nafasi zilizo baina ya atomi za paladi, nayo metali hutanuka. Kufyonza kunatosha kueleza jambo hilo. ‘Unyonyaji’, ambao pia umependekezwa, hatuutaki. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo lina kazi nyingine kubwa, na sentensi isemayo kwamba paladi ina unyonyaji mwingi kuliko metali nyingine itawachekesha watu darasani kabla ya kuwafundisha.

Kwa kushika juu ya uso, maneno yaliyoletwa ni mengi. Kunata kungefaa, lakini jina lake, mnato, limekwisha kukabidhiwa dhana ya uzito wa kimiminiko katika kutiririka, kama wa asali au oili. Kuganda kumeshikwa na maji yanayokuwa barafu. Kunasa tulikuwa karibu kukubali, mpaka tulipokumbuka kwamba ndani ya metali mna mahali penye kasoro, ambapo atomi ya haidrojeni ikifika haitoki kwa urahisi. Huko ndiko kunaswa hasa, na neno hilo liwekewe kazi hiyo.

Lililobaki, nasi tunadhani ndilo bora, ni kuambata. Watumishi wa serikali wanamjua ndugu yake, kiambatisho, kila wanapofunga barua yenye karatasi za ziada. Tena umbo la neno lenyewe linasema maana. Kiishio -ata, tunachokiona pia katika kufumbata na kukamata, hudokeza vitu viwili vilivyogusana na kushikana. Na kinyume chake kimo katika mzizi uleule kwa kauli ya kutendua: kilichoambata huambuka, kama vile kilichofumbatwa hufumbuliwa. Kwa hiyo tuna jozi kamili, mwambato na mwambuko, ambayo haikuhitaji mkopo wala tafsiri ya neno kwa neno. Haidrojeni huambata juu ya nikeli. Ikipashwa joto, huambuka. Mahali ambapo viungo vya kikemia vimefanyika, kama juu ya platini, tuseme mwambato wa kikemia. Mahali ambapo molekuli nzima imeshikwa kidhaifu tu, kama katika baridi kali, mwambato wa kifizikia.

Liko jambo moja zaidi ambalo mfasiri mwangalifu atalihitaji. Mara nyingine mwandishi wa asili mwenyewe hajui, au hataki kusema, kama gesi iko juu au ndani. J. W. McBain aliliona hitaji hilo mwaka 1909 akaunda neno la jumla kwa kukata silabi ya kwanza ya maneno yale mawili. Silabi zetu hazikatiki namna hiyo. Tunapendekeza upokeaji: metali imepokea kiasi fulani cha haidrojeni, basi. Mfasiri asichague baina ya mwambato na mfyonzo pale ambapo mwenye maandishi hakuchagua.

Triti katika chuma na katika kaboni

Turudi kwenye mtungi wetu tukiwa na maneno haya mkononi. Uso wa chuma cha pua si metali tupu; umefunikwa na utando mwembamba wa oksidi, na juu ya utando huo mna maji kidogo yaliyoambata kutoka hewani. Gesi ya triti ikifika hapo hubadilishana na haidrojeni ya maji hayo, na maji yenye triti hupatikana. Sehemu nyingine ya triti hupita utandoni, ikafyonzwa na chuma, ikasambaa ndani polepole. Mtungi ukimwagwa gesi yake, triti ya ndani huanza safari ya kurudi. Ifikapo juu hukutana tena na unyevu wa hewa, ikabadilishana, ikaondoka ikiwa maji.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Gesi ya triti ikivutwa kwa pumzi, karibu yote hutoka tena. Maji yenye triti hukaa mwilini kama maji mengine, na hupenya hata kwa njia ya ngozi. Katika hesabu za kinga ya mnururisho, kiasi kilekile cha triti kikivutwa kwa umbo la maji huhesabiwa kuwa na madhara mara 10,000 hivi kuliko kikivutwa kwa umbo la gesi. Kwa hiyo maelekezo sahihi yangesomeka hivi: triti iliyoambata ifutwe, triti iliyofyonzwa haiondoki kwa kufuta, mtungi upimwe tena baada ya muda uliowekwa. Sentensi tatu fupi, na kila kitenzi kiko mahali pake.

Mabadilishano yanayoleta hatari hiyo ndiyo pia dawa yake. Hewa yenye unyevu ikipitishwa juu ya uso wenye triti, mvuke wa maji huchukua triti na kuacha haidrojeni ya kawaida. Katika tanuri la myeyungano wa viini lililoitwa JET, huko Culham, Uingereza, triti ilitumiwa mwaka 1997 wakati kuta za ndani zilikuwa za kaboni. Kaboni iliyobanduliwa na gesi ya moto ilijitandaza tena mahali penye baridi ikiwa imechukua triti pamoja nayo. Katika gramu 35 hivi zilizoingizwa, kama gramu 6 zilibaki hata baada ya kazi ndefu ya kusafisha, ambayo sehemu yake ilikuwa kuwasha tanuri kwa deuteri ili ibadilishane na triti. Mabadilishano yaliisafisha ile iliyokuwa karibu na uso, lakini ile iliyozikwa chini ya tabaka za kaboni hayakuifikia. Baadaye kuta hizo ziliondolewa, zikawekwa za berili na tangsteni, na upokeaji ukapungua zaidi ya mara kumi. Tanuri la ITER linalojengwa Cadarache, Ufaransa, limewekewa kikomo cha gramu 700 za triti iwezayo kubaki ndani. Mfasiri wa taarifa za namna hii ataona kwamba maneno yaliyobaki, yaliyoambata, yaliyofyonzwa na yaliyozikwa hayabadilishani nafasi kama isotopu zenyewe.

Vitu visivyo metali tutavigusa kwa ufupi. Kioo na oksidi nyingi zina juu yake vikundi vya oksijeni na haidrojeni, na haidrojeni ya vikundi hivyo hubadilishana kwa wepesi na deuteri ya maji. Mpira na plastiki hupokea triti pia, na ndiyo sababu vizibo vya mitungi hiyo hupendelewa viwe vya metali. Istilahi ni zilezile.

Limebaki swali tuliloulizwa na walimu wawili kwa nyakati mbalimbali, nalo ni juu ya ‘maji mazito’. Maji ambayo haidrojeni yake yote ni deuteri huganda penye nyuzi 3.8 za Selsiasi badala ya sifuri, na lita yake moja ina uzito wa kilo 1.1 hivi. Ni mazito kweli. Lakini katika Kiswahili uji mzito ni ule usiotiririka kwa urahisi, na mwanafunzi anayesikia ‘maji mazito’ huyafikiria kama uji. Kwa macho maji hayo hayatofautiani na ya kisimani. Jina limekwisha enea, wala hatudhani kwamba tutaweza kulirudisha. Hata hivyo katika vitabu vya kiada tunaomba liandikwe mara ya kwanza ‘maji ya deuteri, yaitwayo pia maji mazito’, na baada ya hapo ‘maji ya deuteri’ peke yake. Kwa mfano huohuo, maji tuliyoyataja katika habari za mitungi yaitwe ‘maji ya triti’ pale ambapo triti imeshika nafasi ya haidrojeni katika molekuli yenyewe.